Mikono ya Mama Akusheze

Jina lake nalijua, lakini silitaji, kwa sababu kwetu Kamina hakuna aliyelitumia. Wanawake walimwita Mama Akusheze, yaani mama mzalishaji, na hata waume zao walipokuja kuuliza habari kwenye kituo cha afya walimwita hivyohivyo. Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na mmoja. Alinipokea nikiwa nimetoka tu shule ya uuguzi, blauzi nyeupe imepigwa pasi, kichwa kimejaa kurasa za kitabu, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nikate kucha.

Ninapomweleza kwa mtu asiyemjua naanza na mikono. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea, lakini mikono yake ungedhani ameiazima kwa mtu mwenye mwili mkubwa zaidi. Kabla ya kumgusa mama mjamzito aliiweka kwanza chini ya kwapa zake mwenyewe, hasa mwezi wa sita na wa saba, wakati asubuhi za kwetu zina baridi ya kuuma meno. Kisha alifumba macho, akapapasa tumbo polepole kama mtu anayetafuta kitu ndani ya gunia bila kutaka kukiamsha.

"Kichwa iko huku," alisema. "Mugongo iko huku. Huyu mutoto amelala muzuri."

Hatukuwa na mashine ya kuonyesha picha ya tumbo. Mikono ile ndiyo iliyokuwa mashine yetu. Nakumbuka ilikosea mara mbili tu, na mara zote mbili alikwenda mwenyewe kumwambia mama, bila kuzunguka.

Maneno yake tuliyajua kwa moyo, sisi wote tuliopita mikononi mwake. "Mama mwenye kulia anapumua. Ogopa ule mwenye kunyamaza." Na tulipokimbia ndani ya chumba cha kuzalia: "Haraka yako haitatoa mutoto. Itapasua tu mama yake." Mimi nilimpenda zaidi alipofundisha uvimbe. Shuleni tulikariri alama zake: wekundu, joto, uvimbe, maumivu, na kiungo kukataa kazi. Tulikariri kwa Kifaransa, tukapata alama nzuri. Siku ya kwanza aliponipeleka kwa mama mwenye titi lililovimba, nikawa naangalia tu, natafuta wekundu.

"Unatafuta nini?" aliniuliza. "Kwa ngozi yetu hautaona wekundu. Tafuta moto. Shika na mugongo ya mukono, hapana na bidole."

Nikagusa kwa mgongo wa mkono. Upande mmoja wa titi ulikuwa unawaka kama sufuria iliyotolewa jikoni sasa hivi. Akatufundisha pia kwamba uvimbe si adui siku zote. Kidonda kinachovimba kidogo na kupata joto kinafanya kazi yake, mwili umetuma watu wa kukarabati. Tatizo ni pale wanapokataa kurudi nyumbani. Nimewafundisha hivyo wengine baadaye, na kila mara naona haya kidogo, kwa sababu sisi wawili, tulioyajua haya yote, hatukuyaona yalipokuja kukaa kwenye vidole vyake.

Alikuwa mtu wa mambo mawili mawili. Jumapili aliimba kwaya, sauti ya pili, na hakukosa. Lakini marehemu mume wake alikuwa askari aliyeletwa Base, kambi kubwa ya jeshi ya kwetu, kutoka mkoa wa Equateur, akamwachia watoto watatu na matusi ya Kilingala, na matusi hayo aliyatumia kwa bomba la maji lililokauka, kwa mbuzi waliolala kwenye veranda yetu, hata kwa mkubwa wa kituo, ambaye kwa bahati alikuwa mtu wa Kabongo na hakuelewa Kilingala. Alisema hapendi mpira, lakini timu zilipocheza aliacha mlango wa chumba cha dawa wazi ili asikie redio ya mlinzi. Chakula cha watu hakukila. Ukimpa bukari, yaani ugali, na samaki alisema ameshiba, kisha unamkuta nyuma ya jengo anakula ndizi peke yake.

Na vidonge vya sokoni alivichukia kuliko kitu chochote. Mama akija kupimwa, alimwambia afungue mkoba. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi, visivyo na jina, alivitupa chooni mbele ya macho ya mwenyewe. "Nani amekupa? Ule mwenye kuuza na sabuni? Yeye njo dokta yako?" Wanawake walimwogopa kwa hilo. Wengine waliacha mikoba yao nyumbani.

Sasa nieleze ugonjwa ulivyoingia.

Dalili ya kwanza niliyoiona sikuielewa. Mama Akusheze aliacha kuvaa blauzi zake za vifungo, akaanza kuvaa zile za kupitisha kichwani. Nikadhani ni mtindo. Kisha pete ya ndoa, ambayo hakuivua hata baada ya kumzika mume wake, siku moja haikuwepo, na kidole kilikuwa na mchubuko. Akaniambia ameivua kwa sabuni ili asiipoteze kazini. Na asubuhi alianza kunipa mimi kazi ya kufungua ampuli na kufunga kitovu. "Weye jifunze," alisema. Nilijivuna. Nilidhani amenikubali.

Alipolalamika, alilalamika kwa sauti ndogo tu. Vidole vilikuwa vinakataa asubuhi. Sisi wote tukasema ni baridi. Kwetu kila kitu kinachouma kwenye viungo ni baridi, au ni rimatisi ya wazee, na dawa yake ni mafuta ya mawese ya moto na kitambaa cha sufu. Hakuwa mzee. Alikuwa hajafika hamsini. Lakini ni nani anayehesabu miaka ya mtu anayemwongoza?

Halafu, bila maelezo, akapona. Ndivyo tulivyoona. Ndani ya juma moja alirudi kuwa yule wa zamani, akifunga vitovu, akiwapiga wauguzi vijana makofi ya mgongoni. Siku ya sherehe ya wanawake alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Mashavu yakaanza kujaa, uso ukawa mviringo, shingo ikanenepa. Watu walimsifu. Huko kwetu kumwambia mtu amenona ni kumwambia Mungu anamwangalia.

"Mama, Base inakutunza," walimwambia.

"Ni maombi," alijibu, akicheka.

Hali hiyo ilidumu karibu mwaka mzima. Kisha treni ya mizigo ikakawia njiani, majuma mawili hivi, na soko la Kamina likaanza kukosa vitu: chumvi, betri, sabuni. Sikujua kwamba kuna kitu kingine kilichokosekana.

Siku ile ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Mke wa askari mmoja aliingia akishikwa na dada yake, mtoto tayari anatoka. Mama Akusheze alikuwa karibu naye zaidi, akavaa glavu kubwa, zile ambazo hazikuwa saizi yake, akapiga magoti kidogo. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, navuta dawa kwenye sindano. Nikasikia sauti yake. Hakupiga kelele, aliniita tu nije.

"Kuya," alisema. "Kuya shika mutoto. Mukono yangu imekatala."

Nikageuka. Mtoto alikuwa ametoka mzima, mwenye utelezi kama samaki, na vidole vya Mama Akusheze havikufunga. Alikuwa ameinama, amembana mtoto kati ya mikono yake miwili na kifua chake, viwiko vimeshika kile ambacho vidole vimeshindwa. Nikamchukua. Alikuwa msichana, akalia mara moja. Mama yake hakujua chochote. Alikuwa anamshukuru Mungu huku ameangalia dari.

Tulimaliza kazi yote. Kondo likatoka, mama akaoshwa, akapewa uji. Ndipo Mama Akusheze akanyoosha mikono kwangu. "Nitoe glavu," aliniambia. Nikazivuta. Vifundo vya vidole viwili vya katikati vilikuwa vimevimba, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, na vifundo vya mikono pia. Niliweka mgongo wa mkono wangu juu yake kama alivyonifundisha mwenyewe. Nikautoa haraka.

"Mama. Iko moto."

"Najua."

"Tangu wakati gani?"

"Sitagusa tena mama mwenye mimba," alisema. Hilo ndilo jibu alilonipa. Akatoka nje.

Mchana akaanza kutapika. Akakaa chini kwenye sakafu ya chumba cha dawa, jasho linamtoka, nilipompima presha ilikuwa chini mno. Tukamlaza kwenye kitanda cha wanawake waliojifungua. Nilifungua mkoba wake nitafute namba ya simu ya binti yake, na humo, chini ya kitabu cha nyimbo, nikakuta karatasi za vidonge, nyingi, zote tupu. Kotizoni. Ile inayotuliza uvimbe, na inayouzwa sokoni kwa watu wanaotaka kunenepa.

Nikiri kwamba nilikasirika kabla ya kuogopa. Nilikumbuka mikoba yote aliyoifungua.

Dokta wa hospitali ya mjini, tulikompeleka, alikuwa kijana mpole mwenye tabia ya kuuliza swali na kungoja. Alimrudishia kotizoni siku hiyohiyo, kwa kipimo chake, akatueleza kwamba mwili uliozoea kupewa dawa ile kila siku unasahau kutengeneza ya kwake, na ukiikata ghafla mtu anaweza kufa. Mimi nilidhani angemgombeza. Hakumgombeza.

"Mama, asubuhi bidole inakamata wakati gani kufunguka?" alimuuliza.

"Naamuka mbele ya jogoo, natia mikono mu maji ya moto. Inafunguka wakati bana banaenda ku masomo."

"Na ukifanya kazi inaongezeka ao inapunguka?"

"Inapunguka. Ni kulala njo kunaniua."

Dokta akamwambia kwamba magoti ya bibi aliyebeba mizigo miaka mingi yanachakaa, yanauma akitembea na kutulia akipumzika. Yake ni kitu kingine. Yake ni uvimbe wenye joto, unaozidi mtu akilala, na unakula kiungo kutoka ndani. Kotizoni ilikuwa imefunika moshi tu.

Mama Akusheze aliangalia vidole vyake juu ya shuka. Kisha akasema kama mtu anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi:

"Dokta, minyi nafundisha hii. Uvimbe inakuya juu ya kidonda. Kidonda yangu iko wapi?"

"Haiko, mama."

"Basi mwili inapigana na nani?"

"Na mwenyewe. Haijulikane juu ya nini ilianza. Lakini tunajua kuisimamisha."

Sijawahi kuona uso wake vile. Haukuwa uso wa huzuni. Ulikuwa wa mtu aliyetukanwa.

Alikwenda Lubumbashi kwa treni pamoja na binti yake mkubwa, wakakawia huko mwezi. Waliporudi, ugonjwa ulikuwa na jina refu la Kifaransa, na alikuwa na dawa ya kunywa mara moja tu kwa juma. Aliichagulia siku ya posho, Jumamosi, na kwenye kalenda ya kanisa alizungushia kila Jumamosi kalamu nyekundu, kwa sababu walimwonya sana: ile dawa ukiinywa kila siku kwa makosa, inakuua. Kotizoni aliipunguza polepole, robo kwa robo. Damu ilipimwa ili kuangalia ini. Mashavu yakashuka, na watu walewale waliomsifu wakaanza kuuliza kama ana ule ugonjwa mwingine.

Ile dawa haina haraka. Mwezi wa kwanza hakuona kitu, wa pili hakuona kitu. Ndipo jirani mmoja wa kwaya akamwambia kwamba huo ni bulozi, uchawi, kuna mtu aliyetamani mikono yake. Na Mama Akusheze, aliyefundisha alama zote kwa mpangilio, aliamini. Alimshuku mama aliyefagia kituo, mwanamke mtaratibu aliyemfulia mashuka yake miaka yote. Aliacha kumsalimia. Akasema asiguse kikombe chake. Yule mama alilia nyuma ya tangi la maji, nami nilimwona nikapita, kwa sababu sikuwa na ujasiri.

Ilikuwa mwezi wa tatu hivi alipokuja asubuhi moja akiwa amevaa blauzi ya vifungo. Hakusema lolote kuihusu. Alikwenda moja kwa moja kwa mfagiaji, mbele yetu sote na mbele ya wanawake waliokuwa wakingoja na watoto wao, akasimama mbele ya ndoo.

"Nilikufikiria mubaya," alisema. "Haukunifanya kitu. Mwili yangu mwenyewe njo ilinifanya. Unisamehe."

Mfagiaji alisema hakuna neno, mama. Lakini Mama Akusheze hakuondoka. Alitoa kikombe chake mkobani, akamwomba amchotee maji ya kunywa, akayanywa yote akiwa amesimama.

Kile kilichopinda hakikunyooka. Dokta alimwambia mapema: moto tutauzima, lakini mfupa ulioliwa haurudi. Vidole vya mkono wa kulia vililala upande mmoja, kama majani yanayofuata upepo. Hakugusa tena tumbo la mama kama alivyoahidi, ingawa sisi tulimbembeleza. Aliingia chumba cha kuzalia mikono nyuma, akasimama kichwani pa mama, na kutuongoza kwa mdomo. "Ngoja. Ngoja. Sasa. Hapana weye, yeye asukume." Nimezalisha watoto wengi kwa mikono yangu na kwa sauti yake.

Na alianza tabia mpya, iliyowachekesha wauguzi. Siku ya kupima watoto uzito, kabla ya kuuliza habari za mtoto, alimuuliza mama: "Asubui, bidole yako inafunguka?" Wengi walicheka, wakafungua na kufunga vidole kumwonyesha. Mmoja hakucheka. Alikuwa msichana wa familia moja ya Waislamu wa asili ya Maniema wanaouza vitambaa mjini, ana mtoto wa miezi minne, na tangu ajifungue hakuweza kukamua nguo. Mama mkwe alisema ni uvivu wa mzazi wa kwanza.

Mama Akusheze aliniita nimshike mikono kwa niaba yake. Nilipogusa, nikamtazama, naye akaelewa. Akamweka yule msichana kwenye benchi, akaweka mikono yake iliyopinda juu ya mapaja yake, waziwazi.

"Angalia hii," alimwambia. "Minyi nilinyamaza, nikameza dawa ya soko. Weye utaenda ku lopitalo kesho. Mama mukwe atakuya hapa, nitasema naye."

Mama mkwe alikuja kweli, mwenye hasira, na akaondoka saa moja baadaye akiwa ameshika karatasi ya kwenda hospitali. Kwa kuwa msichana ananyonyesha, dokta alimchagulia dawa nyingine, si ile ya siku ya posho. Namwona mpaka leo dukani kwao. Anapima kitambaa kwa mita, anakikata kwa mkasi bila kutazama. Vidole vyake vimenyooka.

Mama Akusheze alistaafu, akaenda kuishi kwa binti yake Kabongo. Mwaka jana tulipelekwa huko kwa kazi ya chanjo, nikaomba dereva anishushe kwake nusu saa. Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, amekonda, macho yaleyale. Alinikagua kucha kabla ya kunisalimia.

Tulizungumza juu ya watu wa Base, nani amehamishwa, nani amekufa. Halafu nikauliza swali nililolibeba miaka, kwa nini alinificha.

"Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

"Ningekupeleka ku lopitalo."

"Njo juu ya ile," alisema. "Ku lopitalo bangesema niache kazi. Nilitaka siku moja tena. Kesho yake, siku moja tena. Ile siku moja moja njo ilikula bidole yangu." Akatazama barabarani, kuku walikuwa wanavuka. "Sikukuwa mujinga. Nilikuwa na woga. Bantu banachanganya ile mbili."

Alitaka kunipa chai. Kulikuwa na chupa ya chai kubwa yenye kifuniko kigumu. Nikanyoosha mkono, akanitazama, nikaurudisha. Akaibana chupa kati ya magoti, akaweka viganja viwili juu ya kifuniko, akasukuma, akapumzika, akasukuma tena. Nilikaa nikiangalia kuku. Kifuniko kikatoka. Akamimina kwa kushika chupa na mikono yote miwili, kidogo ikamwagika kwenye kitambaa.

"Sasa niambie nani amezaa," alisema.

Nikamwambia. Mapacha wa mwalimu. Binti wa mfagiaji, na mfagiaji mwenyewe sasa ni bibi. Na wa mwisho, juzi tu, aliyekuja na matako mbele, kichwa nyuma, mama yake akiwa mdogo sana, nami nikiwa peke yangu. Nje, dereva akapiga honi.

"Angoje," alisema. "Huyu wa matako. Ulimushika wapi?"

Niliweka kikombe chini. Nikanyoosha mikono hewani mbele yake, vidole gumba vimekaribiana, kama vile mtoto yupo katikati. Alitazama muda mrefu. Kisha akaleta mkono wake uliopinda, na kwa kile kifundo kikubwa akasukuma vidole vyangu chini kidogo, upana wa vidole viwili hivi.

"Hapana ku tumbo," alisema. "Hapa, ku mufupa. Mara ingine, shika hapa."